Taa ya DPF imewaka: uchome masizi, usafishe, ununue kipya au ukate?

Magari mengi ya dizeli yanayotoka Japan na Ulaya siku hizi huja na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile mafundi wa Nakuru na Kisumu wanachokiita DPF. Wenye magari wengi hawajui kama kipo mpaka siku taa ya njano iwake kwenye dashibodi na gari likatae kuvuta mlimani. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja anakwambia ulipeleke barabara kuu ulikimbize, wa pili anakuuzia dawa ya kumwaga kwenye tangi, wa tatu ameshashika grainda, anasubiri tu useme ndiyo.

Njia zenyewe ni nne: kuchoma masizi kichujio kikiwa bado kwenye gari, kukishusha kikasafishwe, kununua kingine, au kukitoa kabisa. Kila moja ina gari linaloifaa. Shida ni kwamba watu huchagua kabla ya kujua kilichozibika ni nini, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Masizi si majivu

Ndani ya lile kopo la chuma mna kauri yenye vijia vyembamba vingi, imepangwa kama sega la nyuki. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, na cha jirani yake kimezibwa upande wa pili. Moshi ukiingia hauna pa kutokea ila kupenya ukuta wa kauri wenyewe. Gesi hupita, masizi hubaki. Kichujio kizima hunasa zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa chembe za masizi, zikiwemo zile ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo ndizo hufika ndani kabisa ya mapafu. Hakizuii kila kitu. Oksaidi za nitrojeni hupita, na hewa ya ukaa vilevile. Kazi yake ni chembe, na kazi hiyo hukifanya vizuri sana.

Masizi yaliyonaswa huchomwa humohumo. Gari likisafiri mwendo mrefu, ekzosi hupata joto la nyuzi 250 hadi 400 na masizi huungua polepole, dereva hajui lolote. Joto hilo lisipopatikana, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo kwa kuchelewa ili joto lipande hadi karibu nyuzi 600, na masizi huteketea kwa muda wa dakika kumi hadi ishirini hivi. Mafundi huita shughuli hiyo rijeni. Ukizima gari katikati, kazi inakatika, na ile dizeli ya ziada huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana gari la safari fupi za mjini unaweza kukuta oili yake imeongezeka kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua. Hiyo ni habari mbaya, maana oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi na hailindi tena beringi wala tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa.

Majivu ni jambo jingine. Hutoka kwenye viungo vya oili ya injini kama kalsiamu na zinki, na hayaungui kwa joto lolote ambalo gari lina uwezo wa kulitoa. Hujikusanya taratibu, na kwa magari madogo huanza kusumbua baada ya kilomita laki moja na ushee, mapema zaidi ukitumia oili isiyofaa. Masizi huondoka kwa moto. Majivu huondoka kwa kichujio kushushwa.

Vigezo

Nitazipima njia zote nne kwa maswali yaleyale. Inaondoa masizi, majivu au vyote? Inagharimu nini leo, na nini mbele ya safari? Inaifanyia nini injini? Inaacha moshi gani barabarani? Na inapatikana kiasi gani huku kwetu, kwa mtu wa aina gani?

Lile la moshi nimeliweka makusudi, ingawa gereji nyingi hazilitaji. Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara pale Kondele, kondakta wa stendi ya Nakuru, na mtoto anayengoja basi la shule lisilozimwa injini, wote huvuta kile ambacho gari lako linakitoa. Gharama yao haiandikwi kwenye risiti yako, lakini ni gharama.

Kwanza tafuta chanzo

Kichujio hakizibiki chenyewe. Nozo ya kunyunyizia dizeli inayovuja, vali ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama, hosi ya hewa ya tabo iliyopasuka, tabo inayopitisha oili: kila moja hutengeneza masizi mengi kuliko kichujio kinavyoweza kumudu. Themostati iliyokwama wazi huifanya injini isifikie joto lake, na kompyuta inakataa kuanzisha rijeni. Magari mengi pia hukataa rijeni taa ya mafuta ikiwa imewaka au hitilafu nyingine ikiwa imeandikwa kwenye kompyuta. Anayetembea na tangi nusu kikombe kila siku anajinyima rijeni bila kujua.

Halafu ipo sensa ya presha, inayolinganisha presha ya moshi kabla na baada ya kichujio. Hujulishwa kwa vihosi viwili vyembamba vinavyokaa kwenye joto kali, na vihosi hivyo hupasuka au huzibika. Sensa ikidanganya, taa itawaka huku kichujio kikiwa kizima. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, mwambie fundi aunganishe mashine na akusomee mambo matatu: presha ya kichujio injini ikisinzia na ikipigwa resi, kiasi cha masizi, na kiasi cha majivu kilichokadiriwa. Fundi asiyeweza kukusomea hayo anakisia kwa pesa yako.

Njia ya kwanza: kuchoma masizi kichujio kikiwa kwenye gari

Huondoa masizi peke yake. Yako matawi mawili. La kwanza ni kuliendesha gari vizuri, na hapa watu wa Bonde la Ufa na Nyanza wamejaliwa barabara. Kutoka Nakuru kuelekea Salgaa, Mau Summit na Timboroa ni mlima unaoipa injini kazi ya kweli, na kazi ndiyo joto. Kutoka Kisumu, tambarare ya Ahero hadi Awasi kisha kupanda kuelekea Kericho hufanya vivyo hivyo. Huhitaji kuvunja sheria ya mwendo. Kilomita 60 hadi 80 kwa saa bila kusimamasimama, kwa gia inayoifanya injini izunguke kwa kasi kidogo kuliko ulivyozoea, kwa dakika ishirini au zaidi, inatosha kwa magari mengi. Toka alfajiri kabla malori hayajapanga foleni, na tangi lisiwe chini ya robo. Tawi la pili ni rijeni ya lazima, ambapo fundi huiamuru kompyuta ichome gari likiwa limesimama.

Kwa gharama hakuna njia nafuu kuliko hii. Safari ni bei ya dizeli, na rijeni ya lazima ni kazi ya saa moja hivi kwa fundi mwenye mashine inayofaa.

Kwa injini ni salama ikifanywa mapema. Taa ikiwa imewaka kwa wiki nyingi, masizi yaliyorundikana huweza kuungua kwa fujo na kuipasua kauri, ndiyo maana kompyuta nyingi hukataa kabisa kuanza kiwango kikipita mpaka fulani. Baada ya rijeni kadhaa zilizokatika, badilisha oili. Usingoje tarehe ya sevisi. Na tahadhari moja ambayo huku kwetu ina uzito: chini ya gari panakuwa na moto mkali. Rijeni ya lazima ifanyike uwanjani penye saruji au changarawe, kamwe isiwe ndani ya banda. Na kama umetoka safari huku gari likichoma, usiliegeshe juu ya nyasi kavu za Januari au kwenye majani makavu ya miwa huko Chemelil na Muhoroni.

Kwa moshi, ukimaliza kichujio kinarudi kazini kama kilivyokuwa.

Inamfaa mwenye gari ambalo taa imewaka juzijuzi, lenye masizi mengi na majivu kidogo, hasa anayezunguka Milimani hadi sokoni siku zote. Haitamsaidia mwenye majivu, hata akienda Malaba na kurudi.

Na zile dawa za kumwaga kwenye tangi? Kazi yake ni kushusha joto ambalo masizi huanza kuungulia. Husaidia kidogo gari lisilo na ugonjwa mwingine. Majivu haziyagusi, chochote kilichoandikwa kwenye chupa.

Njia ya pili: kukishusha na kukisafisha

Hii huondoa vyote viwili, ikifanywa na mtu anayejua. Kichujio hufunguliwa, hupulizwa hewa kutoka upande wa kutokea moshi kwenda upande wa kuingilia, huokwa kwenye tanuri ili masizi yaungue, kisha hupulizwa tena. Wengine hukiosha kwa maji na sabuni maalumu na kukikausha. Alama ya karakana nzuri ni kwamba hupima upitaji wa hewa kabla na baada, na hukuonyesha namba zote mbili.

Gharama ni sehemu ndogo tu ya bei ya kichujio kipya. Hesabu pia boliti zilizoshika kutu zinazokatika wakati wa kufungua, gasketi mpya, na siku moja au mbili za kukaa bila gari. Kompyuta lazima iambiwe kwamba majivu yametolewa, vinginevyo itaendelea kuhesabu kutoka pale ilipoachia.

Injini hupumua tena vizuri. Lakini kauri si kitu cha kufanyiwa papara. Mtambo wa maji ya presha wa kuoshea magari huweza kuharibu tabaka la madini ya thamani linalosaidia kuchoma masizi, na tindikali au kugongagonga kwa nyundo huacha nyufa. Kichujio chenye ufa hupitisha moshi huku kompyuta ikidhani mambo ni mazuri.

Moshi hurudi kuwa safi, ila uchafu wenyewe umekwenda wapi? Unga ule mweusi una metali ndani yake. Anayepuliza avae barakoa ya maana, na maji ya kuoshea yasimwagwe mtaroni, kwa sababu mitaro ya Nakuru huishia ziwani, na ya Kisumu huishia Ghuba la Winam, ambako watu huvua samaki. Ningemuuliza fundi swali hilo kabla ya kuulizia bei.

Inamfaa mwenye gari lililokula kilomita nyingi, ambalo kauri yake haijapasuka, na ambalo chanzo cha masizi kimeshatengenezwa. Kama karakana yenye tanuri haipo mjini kwako, kichujio hufungashwa na kupelekwa Nairobi kwa kurier. Hakuna haja ya kulivuta gari zima.

Njia ya tatu: kununua kingine

Huondoa masizi na majivu kwa mara moja, maana unaanza upya. Ndiyo njia pekee ya kurudisha uchujaji kwa kauri iliyoyeyuka au kupasuka.

Gharama yake ndiyo hufukuza watu. Kichujio cha kampuni iliyotengeneza gari huweza kuwa kipuri ghali kuliko vyote utakavyonunulia ekzosi hiyo. Vipo vya kampuni nyingine kwa bei ya chini, na tofauti mara nyingi iko kwenye kiasi cha platinamu na aina ya kauri: chenye madini kidogo huhitaji joto zaidi ili kichome, hivyo rijeni huwa za mara kwa mara na dizeli hutumika zaidi. Vipo pia vilivyotumika vinavyotoka Japan, utavikuta Kirinyaga Road, Nairobi. Hivyo huja na majivu ya mwenye gari wa kwanza. Usinunue bila kupimiwa upitaji wa hewa, na mulika tochi ndani utazame kama kuna nyufa au sehemu zilizoyeyuka.

Kwa injini, kipya kizuri kilichosajiliwa kwenye kompyuta hakina mpinzani. Lakini kikifungwa juu ya nozo inayovuja kitazibika kama cha kwanza, na pesa yote itakuwa imeungua.

Moshi wake ndio safi kuliko wa njia zote hizi. Inamfaa anayekusudia kukaa na gari miaka mingi, au gari la kazi linalozunguka kila siku ambalo kulala gereji ni hasara kuliko bei ya kipuri.

Njia ya nne: kukitoa

Lazima niitendee haki, kwa kuwa ndiyo njia ambayo wengi huku wameifuata, na wengi wao si watu wasiojali. Wameambiwa bei ya kipya, wakatazama karo ya shule, wakaamua.

Fundi hukata kopo, huvunja kauri, hulichomelea tena au huweka bomba tupu, kisha mwenye kompyuta hupanga upya programu ili gari lisitafute kichujio. Masizi na majivu hayana tena pa kujazana, kwa sababu yote yanatoka nje.

Gharama ya leo mara nyingi iko karibu na ya kusafisha, wakati mwingine chini yake. Ya kesho haitabiriki. Programu iliyopangwa vibaya huacha gari likirusha moshi mweusi na kula dizeli. Mnunuzi anayejua magari atakupunguzia bei. Nchi nyingine zimefunga mlango huu: Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na kichujio na sasa halina hufeli ukaguzi wa kila mwaka. Kenya nayo ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, na Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Anayekata leo anaweka dau kwamba ukaguzi wetu hautakaza kamba kwa miaka yote atakayokuwa na gari hilo.

Injini hupata nafuu ya kweli. Presha ya nyuma hupungua, na dizeli haiingii tena kwenye oili kwa ajili ya rijeni. Hilo si uongo wa mafundi. Ila nozo mbovu sasa haina wa kukushtaki, na itaendelea kuharibu pistoni kimyakimya.

Moshi ndio penye uamuzi. Zile asilimia 95 na zaidi zinarudi hewani, na gari la kisasa linakuwa kama dizeli ya zamani. Hata usipouona moshi mweusi, chembe ndogo zipo. Kwa maoni yangu, kichujio kinachoweza kuoshwa hakistahili kukatwa, na ningetaka kila mwenye gereji amwambie mteja hivyo kabla ya kuwasha grainda. Na yule kijana anayevunja kauri bila barakoa huvuta vumbi lake kwanza kuliko mtu mwingine yeyote.

Hupatikana kila mahali, na hilo ndilo nguvu yake. Inamfaa nani? Mtu ambaye kauri imeshavunjika, kipya hakimudu wala hakuna kilichotumika cha kumfaa, na gari ndilo linalomlisha. Akilazimika, basi asifiche akija kuliuza, aache nyumba ya kichujio na sensa zake mahali pake, programu ipangwe na mtu anayeweza kuirudisha, na injini isiachwe ikinguruma stendi.

Oili na dizeli, njia yoyote utakayochagua

Oili yenye viungo vichache vya kutoa majivu ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Kwa magari ya Ulaya na mengine mengi tafuta alama ya ACEA C, mara nyingi C3. Kwa dizeli ndogo za Japan ni JASO DL-1. Kwa malori ni DH-2. Kitabu cha gari ndicho kinachotoa uamuzi wa mwisho. Oili iliyoandikwa dizeli tu kwenye mtungi, ile ya matrekta, hujaza majivu haraka.

Dizeli ya Kenya ilishushwa hadi salfa ya sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, kutoka 500 hapo kabla. Ni hatua kubwa, japo Ulaya hutumia 10. Kinachobaki kuogopwa ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hukosa ulainisho na kumaliza pampu na nozo. Nunua penye wateja wengi, na uchukue risiti.

Kwa hali yako

Taa imewaka wiki hii, gari bado linavuta: somewa masizi na majivu, jaza tangi hadi nusu au zaidi, kisha panda Timboroa au Kericho. Ikizimika, kagua oili.

Taa inarudi kila baada ya wiki mbili na safari zako ni za barabara kuu: usisafishe chochote bado. Kuna nozo, EGR au hosi inayokungoja.

Kilomita zimepita laki na nusu, masizi ni kidogo lakini presha iko juu: hayo ni majivu. Shusha, safisha, weka oili sahihi.

Bomba la ekzosi limekuwa jeusi ghafla ilhali zamani lilikuwa safi: kauri imepasuka. Hakuna cha kuosha hapo. Tafuta kingine, na anza na kilichotumika kilichopimwa ikiwa kipya hukimudu.

Wewe ni mtu wa mjini tupu, kilomita tano kwenda na tano kurudi, Section 58 hadi katikati ya mji au Mamboleo hadi Kisumu mjini: jiulize kama gari linalofuata lazima liwe dizeli. Kwa safari hizo petroli haitakusumbua kama dizeli.

Una lori au matatu ya masafa, Busia hadi Nakuru kila siku: kichujio kitajichoma chenyewe njiani. Weka tarehe ya kukisafisha majivu kwenye daftari la sevisi, uikabili gari likiwa zima badala ya kungoja lizimike Mau Summit.

Unanunua dizeli iliyotumika: pitisha kidole ndani ya bomba la ekzosi likiwa limepoa. Kichujio kinachofanya kazi huliacha karibu safi. Kidole kikitoka na masizi mazito, muulize muuzaji kichujio kiko wapi, tazama kopo kama lina alama mpya za kuchomelea, na uombe mashine isome majivu kabla hujatoa hata shilingi ya amana.